Kuulizwa Mara ya Pili: Kura ya Maamuzi na Haki ya Walioshindwa



Nimeombwa nizungumzie swali linalozuka kila uchaguzi mkuu unapotukaribia. Wananchi wakishaamua jambo kwa kura ya maamuzi, je, ni halali kuwarudishia jambo hilohilo? Wapo wanaosema kurudia ni kuwadharau waliokwisha kusema. Wapo wanaosema taifa linalokataza swali lisiulizwe tena limejifunga pingu lenyewe. Mimi naamini kurudia kunaweza kuijenga demokrasia, ila kwa sharti ambalo viongozi wetu hawapendi kulitaja: kwanza jibu la awali liheshimiwe, tena liheshimiwe kwa vitendo. Na anayeomba swali lirudiwe awe mwananchi aliyeshindwa, akiomba kwa jasho lake, asiwe mtawala asiyelipenda jibu alilopewa.

Nchi hii ya chai, kuanzia Kericho na Bureti hadi Konoin, Sotik na Chepalungu, ina haki ya pekee ya kulijadili jambo hili. Tarehe 21 Novemba 2005 mlipewa karatasi yenye picha mbili, ndizi na chungwa. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa lilikuwa la, na mkachagua chungwa. Tarehe 4 Agosti 2010 mkapewa rangi mbili, kijani na nyekundu, na mkachagua nyekundu. Mara zote mbili mlikataa. Mara ya kwanza Kenya ilikuwa nanyi: kura 3,579,241 za kukataa dhidi ya 2,578,831 za kukubali. Mara ya pili Kenya iliwapita: 6,092,593 walikubali, 2,795,059 walikataa. Mmewahi kuketi kwenye kiti cha mshindi na kwenye kiti cha mshindwa, katika suala moja la katiba, ndani ya miaka mitano. Wanaoandika vitabu juu ya kura za maamuzi wengi wao hawajaketi kwenye viti hivyo vyote viwili.

Basi tuanze hapo. Je, kura ya 2010 iliitukana kura ya 2005?

Malalamiko ya waliosema imeitukana nayajua. Tulishasema hatutaki, walisema, mbona wanatuletea tena? Ili tuwajibu kwa haki, inabidi tukumbuke kilichokataliwa. Wajumbe wa mkutano wa katiba walikaa Bomas tangu 2003 hadi Machi 2004, wakatoka na rasimu iliyompunguzia rais mamlaka na kumweka waziri mkuu mwenye nguvu za kweli. Rasimu hiyo haikufika kwa wananchi kama ilivyotoka Bomas. Wabunge waliifanyia marekebisho Kilifi, Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaiandika upya na kuichapisha Agosti 2005, na rais akabaki na mamlaka makubwa. Wengi waliopigia chungwa walikuwa wanaikataa ile hila ya njiani. Wengine walikataa kwa sababu ya ardhi, wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa sababu waliona serikali ya Mwai Kibaki imevunja makubaliano ya 2002 ya kugawana madaraka.

Hapa pana ugumu ambao hatuutazami vya kutosha. Neno "la" kwenye karatasi ya kura halina maelezo. Mamilioni ya watu husema neno moja kwa sababu kumi tofauti, na sanduku la kura haliwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo kuiheshimu "la" ni kazi, tena kazi ya kuuliza. Siku mbili baada ya kura ile Rais Kibaki alilivunja baraza lake zima la mawaziri, kisha akaliunda jipya na kuwaacha nje mawaziri waliosimama na chungwa. Huko ndiko kulikokuwa kulisikiliza jibu kwa masikio ya mwenye hasira. Rasimu ilizikwa, ni kweli, hakuna aliyejaribu kuirudisha vilevile ilivyokuwa. Lakini swali lililokuwa chini yake, la nani agawane mamlaka na nani, liliachwa wazi hadi uchaguzi wa Desemba 2007.

Ghasia zilizofuata hazihitaji kusimuliwa kwa urefu mbele yenu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Watu laki kadhaa walihama makwao. Katika mashamba ya chai ya hapa, wafanyakazi waliokuwa wamechuma safu moja na majirani zao kwa miaka mingi, wengi wao Wakisii, walifukuzwa kwenye nyumba za kampuni, wakakimbilia vituo vya polisi na kuvuka mpaka kwenda kwao. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi na askari polisi huko Eldoret, na Kericho ikawaka siku hiyohiyo. Nayataja haya kwa sababu mjadala wa kurudia kura huendeshwa mara nyingi kana kwamba hatari pekee ni wananchi kuchoshwa na foleni. Swali lililojibiwa nusu, kisha likafunikwa, lina hatari kubwa kuliko foleni.

Mapatano ya amani ya 28 Februari 2008 yaliirudisha katiba mezani kama sehemu ya tiba. Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ikaandika rasimu mpya, wabunge wakaifanyia kazi Naivasha Januari 2010, Bunge likaipitisha Aprili. Safari hii wananchi waliulizwa juu ya kaunti 47, Seneti, Mahakama ya Juu, na mgawo wa fedha ambao serikali ya kitaifa haiwezi kuubana chini ya asilimia 15. Sehemu kubwa ya hayo haikuwemo kwenye karatasi ya ndizi na chungwa. Hilo halikuwa swali la 2005 lililopakwa rangi. Lilikuwa swali jipya lililozaliwa na jibu la 2005 pamoja na machozi ya 2008. Ndiyo maana nasema kura ya 2010 haikuitukana ile ya kwanza. Iliikamilisha, ingawa nyinyi wa hapa mlishindwa.

Nje ya Kenya mambo haya yamefanywa kwa njia nyingi, nami nitazipitia zile zinazotufundisha kitu. Wadenmark walikataa Mkataba wa Maastricht wa Umoja wa Ulaya Juni 1992 kwa tofauti ndogo sana. Mwaka uliofuata waliukubali, baada ya nchi yao kupewa ruhusa maalumu ya kutoingia kwenye sarafu ya pamoja na mambo mengine. Ireland ilikataa Mkataba wa Lisbon, nao wa Umoja wa Ulaya, Juni 2008 na kuukubali Oktoba 2009, baada ya kuhakikishiwa kwamba haitapoteza kamishna wake na kwamba msimamo wake wa kutofungamana kijeshi utabaki. Wakosoaji walilia kwamba Ulaya haikubali jibu la "la". Mimi naona pana kitu kilichobadilika kwenye karatasi, japo miezi kumi na sita ni muda mfupi mno kwa roho yangu. Ireland hiyohiyo ina mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 1986 iliulizwa kuhusu kuruhusu talaka, ikakataa kwa zaidi ya asilimia 63. Ikasubiri miaka tisa. Katikati ya miaka hiyo Bunge lilitunga sheria za mali ya wanandoa, matunzo na malezi ya watoto, likijibu hofu moja baada ya nyingine ya wale waliokataa. Mwaka 1995 ikaulizwa tena, na talaka ikapita kwa tofauti ya kura 9,114 tu. Katika nchi nzima! Na bado walioshindwa walikubali.

Karibu nasi kuna mifano ya kutia uchungu. Visiwa vya Komoro viliulizwa na Ufaransa Desemba 1974 kama vinataka uhuru. Kati ya kura zote za visiwa vinne, zaidi ya asilimia 94 zilisema ndiyo. Lakini kisiwani Mayotte karibu theluthi mbili walisema la. Basi Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa, na Februari 1976 ikaiuliza Mayotte peke yake. Jibu likawa zaidi ya asilimia 99 kubaki na Ufaransa. Umoja wa Mataifa ulipinga. Familia za Anjouan na Mayotte zilizokuwa zikitembeleana kwa mashua leo zina mpaka katikati, na watu wanazama wakiuvuka. Kilichobadilika hapo hakikuwa swali. Walibadilishwa waulizwaji. Fikirini: laiti mwaka 2010 Kericho na Bomet zingehesabiwa peke yake, katiba ingeanguka hapa, laiti Kisumu ingehesabiwa peke yake, ingepita bila kupingwa. Anayeruhusiwa kuchora duara la wapigakura baada ya kuyaona matokeo ameshajitangaza mshindi.

Uganda ilifanya kitu kingine. Katiba ya 1995 ilikuwa imepanga mapema kwamba wananchi wataulizwa kuhusu mfumo wa siasa. Juni 2000 wakaulizwa kama wanataka kubaki na mfumo wa Movement au kuruhusu vyama vingi, na karibu asilimia 91 wakachagua Movement. Julai 2005 wakaulizwa tena, na zaidi ya asilimia 92 wakachagua vyama vingi. Mara zote mbili wapinzani wakubwa waligoma. Mara zote mbili serikali ya Yoweri Museveni ilipata kile ilichokuwa inakipigia kampeni, kwanza dhidi ya vyama vingi, kisha kwa kuvitetea, na majira hayohayo ya 2005 Bunge lilikuwa likiondoa ukomo wa mihula ya rais. Mimi nilitaka vyama vingi virudi Uganda, na nilifurahi viliporudi. Hata hivyo siwezi kusema wananchi walishauriwa. Mwenye kuuliza alikuwa mmoja, mwenye kujibu alikuwa mmoja, na wananchi waliitwa kushuhudia.

Na Zanzibar? Kura ya maamuzi ya 31 Julai 2010 ni fahari ya bahari hii yetu: asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa ili visiwa vitoke kwenye umwagaji damu wa kila uchaguzi. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi mzima siku tatu baada ya watu kupiga kura, na Machi 2016 ukarudiwa bila chama cha upinzani cha CUF. Huo ulikuwa uchaguzi, haukuwa kura ya maamuzi, lakini tazameni ulichokigusa. Marudio yale yaliitoboa serikali ya umoja waliyoichagua wananchi kwa theluthi mbili, kwa sababu mshirika mmoja hakuwemo tena. Hadi Desemba 2020, Maalim Seif Sharif Hamad alipoapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, uamuzi wa 2010 ulikuwa umebaki jina. Kumbe kura ya wananchi inaweza kupinduliwa hata bila swali lake kurudiwa.

Turudi nyumbani. Nimesema "la" ya 2005 iliheshimiwa kwa kuchelewa. Je, "la" yenu ya 2010?

Ilikuwa na sababu zake. Makanisa yalipinga ibara ya 26 kuhusu uavyaji mimba na ibara ya 170 kuhusu mahakama za kadhi. Lakini hapa kwenye milima ya chai, sababu iliyokuwa midomoni mwa watu sokoni, kuanzia Litein hadi Sotik, ilikuwa ardhi. Ibara ya 68 iliagiza Bunge litunge sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Kwa mtu wa mjini hicho ni kifungu cha kiufundi. Kwa mkulima mwenye ekari mbili, moja ya chai inayokwenda kituo cha kununulia majani mara tatu kwa wiki, nusu ya nepia ya ng'ombe, iliyobaki ya nyumba, mahindi na kaburi la baba yake, na mwenye wana watatu wanaongoja kugawiwa, hicho ni kifungu kinachoweza kumwambia kwamba mwana wa tatu hana pa kusimama. Hofu hiyo haikutimia. Lakini ilikuwa hofu ya watu wenye akili timamu, na kampeni ya kijani iliwajibu zaidi kwa kuwaita wapotoshwaji.

Kulikuwa na upande wa pili wa ardhi, nao haukuelezwa vya kutosha na upande wowote. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 65, ilisema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Mikataba ya miaka 999 iliyotolewa enzi za mkoloni ikakatwa. Nyinyi mnaoishi kando ya ua wa mashamba makubwa mnajua uzito wa tisa zile. Babu zenu Wakipsigis walihamishwa kwenye ardhi hiyo. Ukoo wa Talai ulifukuzwa kwa sheria maalumu ya 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Katiba ya 2010 ndiyo iliyounda Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kericho na Bomet zilipeleka madai yao kwenye tume hiyo, na mwaka 2019 tume ikatoa uamuzi uliowatambua Wakipsigis na Watalai kuwa walidhulumiwa, ikapendekeza mashamba yapimwe upya na Uingereza iombe radhi. Chombo mlichokikataa ndicho mlichokipandia kudai haki yenu. Sisemi haya kuwasuta. Nasema hivi: mshindwa wa kura ya maamuzi ana haki yote ya kuitumia sheria iliyomshinda, na akiitumia hajajisaliti.

Aliyeiongoza kampeni ya nyekundu, William Ruto, aliapa kuilinda katiba hiyo tarehe 9 Aprili 2013 akiwa Naibu wa Rais, na tarehe 13 Septemba 2022 akiwa Rais. Sioni aibu katika hilo, na wala msiione. Ndivyo inavyopasa. Kiapo kile ni dalili kwamba uamuzi wa 2010 ulishika mizizi hata kwa walioupinga, na hilo si jambo dogo Afrika.

Ila kushika mizizi si kufunga mlango. Mwaka 2014 mlango uligongwa kutoka hapa Bomet. Gavana Isaac Ruto, aliyekuwa pia mwenyekiti wa Baraza la Magavana, alianzisha harakati za Pesa Mashinani, akitaka kura ya maamuzi ya kuongeza mgawo wa kaunti kutoka angalau asilimia 15 hadi asilimia 45. Alikuwa amechaguliwa kwa tiketi ya chama kilichokuwa serikalini, na chama chake hakikumsamehe. Wakati huohuo muungano wa upinzani wa CORD ulikuwa na mpango wake wa kura ya maamuzi, Okoa Kenya. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilizikagua sahihi za Okoa Kenya na Machi 2016 ikasema zilizokubalika hazikufika milioni moja. Mwaka 2019 Ekuru Aukot akafaulu kuvuka kizingiti hicho kwa Punguza Mizigo, mswada wake ukaenda kwenye mabunge ya kaunti, nayo mengi yakaukataa. Isaac Ruto alishindwa na Joyce Laboso katika uchaguzi wa ugavana wa 2017, na Pesa Mashinani ikapoa.

Mimi nautetea ule uti wa mgongo wa Pesa Mashinani hata kama hesabu yake ya asilimia 45 ilinitia shaka. Hapa watu waliokataa ugatuzi 2010 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kudai uongezewe nguvu 2014, kwa njia iliyoandikwa na katiba yenyewe: sahihi milioni moja za wapigakura waliosajiliwa, kisha mabunge ya kaunti 24 au zaidi, kisha Bunge, na baadhi ya mambo mpaka kwa wananchi. Hiyo ndiyo njia ya walioshindwa. Ni ndefu, na inapaswa kuwa ndefu.

Halafu ikaja BBI, yaani Building Bridges Initiative. Ilizaliwa na salamu ya 9 Machi 2018 kati ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ikavaa joho la mpango wa wananchi, na Februari 2021 mabunge ya kaunti zaidi ya arubaini yakaipitisha mbio mbio. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu wakaisimamisha, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaweka nukta kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ya ibara ya 257, kwa sababu njia hiyo ni ya mwananchi asiye na dola. Majaji hao hawakuzungumzia marudio ya kura. Lakini kanuni yao ndiyo ninayoihitaji. Mwenye dola ana Bunge lake, ana wanasheria wake, ana redio. Akipewa na njia ya wanyonge, wanyonge wamebaki na nini?

Mkulima wa chai atanielewa haraka. Kila mti huchumwa baada ya wiki moja au mbili, na hizo ndizo chaguzi zetu za kawaida, za mbunge, gavana na mwakilishi wadi. Kupogoa, kama kura ya maamuzi, ni jambo jingine, hufanywa kila baada ya miaka mitatu au minne, kwa panga kali, na mti hukaa miezi bila kutoa chochote. Usipopogoa, meza ya chai hupanda juu mpaka mchumaji hafikii. Ukipogoa kila mwaka unaua mti. Sijamwona mkulima anayepogoa kwa sababu tu hakuipenda bonasi ya Oktoba.

Wazee wa kokwet, baraza la kijiji la Wakipsigis, walikuwa na njia yao. Shauri halikuhesabiwa kwa mikono. Liliongelewa, likaahirishwa, likarudiwa kikao baada ya kikao, hadi aliyepinga akubali au jambo libadilishwe mpaka aweze kulikubali. Kurudia ndiko kulikuwa uamuzi wenyewe. Hatuwezi kuiongoza nchi ya mamilioni kwa namna hiyo, lakini hakuna kinachotuzuia kuichukua sehemu moja: kabla ya kurudi kwa wananchi, aliyepinga aulizwe alipinga nini. Baada ya 2010 sijui chombo chochote cha umma kilichokuja Kapkatet au Longisa kuuliza hilo kwa utaratibu na kuliandika. Kura 2,795,059 zilihesabiwa, kisha zikaachwa.

Sheria yetu haina neno kuhusu marudio. Ibara za 255 hadi 257 hazisemi jambo lililokataliwa lingoje muda gani, na sheria ya uchaguzi ya 2011, inayoeleza namna kura ya maamuzi inavyoendeshwa, nayo imenyamaza. Ningependa Bunge litunge sheria ya kura ya maamuzi yenye mambo haya. Pendekezo lililokataliwa na wananchi lisirudishwe na serikali kabla ya uchaguzi mkuu mwingine kupita, ili wananchi wapate kwanza nafasi ya kumwondoa anayewauliza. Likirudishwa, tume ichapishe kwa Kiswahili na kwa lugha za kaunti nini kimebadilika kwenye maandishi, kifungu kwa kifungu. Na mipaka ya wanaohesabiwa isiguswe kabisa. Mpango wa wananchi wenyewe usiwekewe muda wa kungoja, kwa kuwa sahihi milioni moja ni kungoja kwa kutosha.

Najua pingamizi. Mtaniambia: Ukimpa mshindwa mlango wa kurudi, mshindi atalala lini? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais wa 8 Agosti, ukarudiwa 26 Oktoba kwa mujibu wa ibara ya 140 inayoagiza siku 60, na bado nchi ilipasuka. Raila Odinga alijiondoa, kaunti nne za Nyanza hazikupiga kura kabisa, na watu wa hapa waliopanga foleni alfajiri walikuwa wakitazamana na majirani wa ng'ambo ya Sondu waliofunga vituo. Ni kweli, sheria nzuri ya marudio haileti upendo. Lakini marudio yale yalikuwa na tarehe, yalikuwa na sababu zilizoandikwa na majaji wanne kati ya sita, na mwaka 2022 vituo vya Sondu vilifunguliwa pande zote mbili. Kule Mayotte hakuna mlango wa kurudi, na miaka hamsini baadaye hakuna aliyelala.

Wengine mmeniuliza kabla ya mhadhara: je, sisi wa hapa tunaweza kudai suala la ardhi ya mashamba makubwa liulizwe upya, au kulirudisha lile la mgawo wa kaunti? Mnaweza. Katiba inawaruhusu leo hii. Lakini fanyeni hesabu. Katika uchaguzi wa 2022 wapigakura waliosajiliwa wa Kericho na Bomet kwa pamoja walikuwa kiasi cha laki nane. Hata kila mmoja wao akitia sahihi, na mgonjwa aletewe karatasi kitandani, hamfiki milioni moja. Hizo laki mbili zilizobaki mtazitafuta Nandi, mtazitafuta Nyamira na Kisii, nyumbani kwa watu waliofukuzwa kwenye safu za chai Januari 2008. Mtabisha hodi kwao, na watawauliza kuhusu mwaka ule kabla hawajauliza kuhusu ardhi.